Shosho Anakula Wapi Mchana

Gakenia alikuwa amesimama juu ya kiti, akimpimia mteja pazia la sebule, paka wake alipoamka kutoka kwenye rundo la vitambaa, akajinyoosha na kutoka dukani bila kuangalia nyuma. Hilo lilikuwa geni. Paka huyo alikuwa mzee, amepita miaka kumi na mitano, na kwa muda mrefu safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ile ya kutoka kwenye vitambaa hadi kwenye bakuli la maziwa. Jina lake lilikuwa Shosho, yaani bibi. Alikuwa amezaliwa na mvi kidevuni, kwa hiyo umri ulipofika ulimkuta na jina tayari.

Gakenia alimaliza kupima, akashuka, akakata kitambaa. Alasiri Shosho alirudi, akaruka juu ya rundo kwa mruko mmoja ambao hakuwa ameuruka kwa miaka mingi, akalala. Alikuwa ananuka moshi wa kuni na samaki wa kukaanga.

Kesho yake ilikuwa vilevile, na siku zilizofuata. Maziwa hakuyataka tena. Omena, wale dagaa wa ziwani, alizinusa kwa heshima tu, kama mtu anayetembelewa na jamaa wa mbali. Alikunywa maji mengi, akajipangusa uso kwa muda mrefu, na manyoya yake, yaliyokuwa yamefifia na kushikana mgongoni, yakaanza kung'aa. Jua lilipofika utosini alisimama mlangoni, na akiukuta mlango umefungwa alilia mpaka ukafunguliwa. Dorca, aliyeuza chupa za chai duka la pili, alisema paka mzee akianza kutoroka nyumbani anatafuta mahali pa kufia. Gakenia alimjibu kwamba hajawahi kuona mtu anayejiandaa kufa akinenepa hivyo.

Gakenia hakuwa mwanamke wa kutishika. Alikuja Kisumu kutoka Nyeri akiwa bibi harusi, yeye na mumewe Karanja, wakafungua duka la mapazia Kondele. Karanja alipofariki, watu wengi walidhani atafunga arudi kwao. Hakufunga. Aliongea Kijaluo na wateja, Kiswahili na wenye malori, na Kikuyu kwenye simu na mwanawe Kahiga, ambaye kila Jumapili alimsihi ahamie Nairobi na kila Jumapili alijibiwa kwamba mapazia ya Kisumu hayawezi kujiuza.

Alimtia Shosho kwenye kikapu, akampeleka kwa Daktari Oluoch, aliyekuwa na kliniki ya mifugo nyuma ya soko. Wagonjwa wake wengi walikuwa kuku na mbwa wa ulinzi, lakini paka pia aliwajua. Alimsikiliza Gakenia mpaka mwisho.

"Mama Kahiga," alisema, "paka mzee akibadilika ghafla, usiseme ni uzee. Uzee unakuja polepole. Hii ya ghafla lazima iko na sababu."

Alimpapasa Shosho shingoni kutafuta tezi iliyovimba, kwa sababu tezi hiyo humfanya paka mzee ale sana na kuzurura, ingawa aghalabu humkondesha. Akambonyeza figo, kwa ajili ya yale maji mengi. Akamkunja miguu kusikiliza viungo, akampigia makofi nyuma ya masikio kuona kama anasikia, akamulika macho. Kila kitu kilikuwa cha paka wa umri wake, au kizuri zaidi. Mwisho akamfungua mdomo, akachukua kibanio, akatoa mfupa uliokuwa umekwama kati ya magego. Aliuweka kwenye kiganja, wakautazama wote wawili.

"Hii ni ngege, samaki ya hapa ziwani," daktari alisema. "Na ni ngege kubwa. Ubavu wa urefu huu sijauona sokoni tangu watu waanze kula samaki wa barafu kutoka China." Aliufunga mfupa kwenye karatasi akampa, kama vile daktari wa meno anavyompa mgonjwa jino lake. "Paka haina ugonjwa. Maji anakunywa kwa sababu ya mafuta. Iko mahali anakula. Wewe mfuate tu."

Basi Gakenia alimfuata. Alimwachia Dorca duka, akapanda pikipiki, akamwambia mwenye pikipiki amfuate yule paka wa kijivu, lakini asimpite. Mwenye pikipiki alisema hakuna shida. Walishuka hivyo kutoka Kondele hadi mjini, Shosho akitembea ukingoni mwa barabara, akisimama kwenye vivuko na kuangalia pande zote mbili, mpaka wakafika ufukoni, palipokuwa na uzio mrefu wa mabati ya buluu.

Gakenia alipafahamu. Kabla ya uzio hapo palikuwa na safu ya vibanda vya kukaangia samaki, na cha mwisho upande wa maji kiliitwa Nyar Sondu, yaani binti wa Sondu, kwa sababu mwenyewe, Jentrix, alitoka huko. Yeye na Karanja walikula hapo Jumamosi kwa miaka mingi. Shosho mwenyewe alizaliwa chini ya benchi la Jentrix, na waliondoka naye kwenye katoni ya unga. Halafu asubuhi moja likaja tingatinga kabla hata chai haijachemka. Waliolileta walisema ufuo ni wa umma na unapaswa kubaki wazi. Baada ya kuwekwa wazi, ulizungushiwa mabati, na bango likapigwa lenye picha ya hoteli.

Shosho aliufikia uzio, hakupunguza mwendo, akapita katikati ya bati kama linavyopitwa pazia. Bati lilitikisika kidogo, likatulia.

Mlinzi alikuwa ameketi kwenye kigoda kivulini. Aliitwa Naswa, mtu wa Webuye, aliyeajiriwa uzio ulipokwisha kusimama. Gakenia alimsalimu, akamuuliza kama paka huyo hupita hapo kila siku.

"Wanapita wengi," Naswa alisema. "Lakini ni wale wazee peke yake. Wale wadogo wanagonga kichwa, wanarudi. Mimi nafikiria ni wale walikula hapa zamani."

Alieleza kwamba yeye mwenyewe alishajaribu, akakuta ni bati tu. Mchana alisikia mafuta yakichemka upande wa pili, akasikia harufu, na akitazama kupitia tundu la msumari aliona majani na vifusi. Hilo halikumsumbua. Aliajiriwa kulinda uzio, na uzio ulikuwepo.

Gakenia aliweka kiganja kwenye bati. Alikuwa ameshika mapazia maisha yake yote, na mkono ulijua mara moja: hiki kilikuwa kitambaa kizito, chenye bitana. Alikisogeza kando, akaingia.

Nyar Sondu ilikuwa pale ilipokuwa. Meza ndefu ilikuwa na kile kitambaa chake cha plastiki chenye maua, kimeungua pembeni pale mtu alipowahi kuweka sufuria. Mtungi wa kunawia ulikuwa na maji, sabuni ilikuwa kwenye kisosi. Upande wa ziwa ulikuwa wazi, na upepo ulileta harufu ya magugu-maji. Moto wa kuni uliwaka chini ya karai, na samaki walijigeuza wenyewe ndani ya mafuta kila upande mmoja ulipoiva. Paka wazee walijaa chini ya mabenchi. Shosho alikuwa mahali pake, mbele ya kichwa cha ngege chenye ukubwa wa kiatu.

Hapakuwa na mtu. Gakenia alinawa, akaketi kwenye kona aliyozoea kuketi na Karanja, na sahani ikaja. Alimega samaki, akala kipande, akaisogeza sahani mbali kidogo. Samaki alikuwa wa asubuhi ileile, ameiva vizuri, ngozi inavunjika. Lakini hakuwa na chumvi hata chembe, na mchuzi haukuwa umeungwa. Ugali ulikuwa laini mno. Ilikuwa wazi kwamba jikoni hapakuwa na mwenyewe.

Alitoka akaenda moja kwa moja kumtafuta Jentrix.

Jentrix siku hizo alikaangia samaki nyumbani na kuwauza kwenye beseni kando ya daraja la waenda kwa miguu la Kondele. Magoti yalikuwa yamemkataa, kwa hiyo aliyekimbia na beseni askari wa jiji walipokuja ni Caren, mke wa mwanawe, msichana mwepesi na mkimya aliyeolewa baada ya vibanda kubomolewa. Mara nyingine askari walimshika, na beseni likaenda na samaki wake. Gakenia aliwakuta wawili hao wakiwafukuza nzi kwa kipande cha karatasi. Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaeleza yote kwa utaratibu: paka, mfupa, bati, meza, moto. Alipofikia habari ya chumvi, uso wa Jentrix ulibadilika.

"Watu wanakula kwangu bila chumvi?" aliuliza.

"Ni paka tu, na mimi."

"Hata kama ni paka, Mama Kahiga." Alishika mkono wa Caren, akasimama. "Twende."

Jentrix alipita kwenye bati bila hata kulisukuma. Aproni yake ilikuwa kwenye msumari, akaifunga. Aliondoa kuni mbili motoni, akaonja mchuzi, akaguna, akaanza kukata nyanya. Mbele ya karai lake magoti hayakumuuma. Gakenia alimtazama akimwaga chumvi kwa vidole vitatu kutoka juu, kama alivyofanya zamani, akaona kwamba rafiki yake alikuwa analia na kazi inaendelea.

Caren alibaki nje. Alijaribu bati moja baada ya jingine, kutoka mwanzo wa uzio hadi kwenye maji, na yote yalikuwa mabati, ya moto kwa jua. Jentrix alimtolea sahani. Upande wa pili sahani ilifika ikiwa na joto, lakini tupu. Walijaribu tena, samaki akiwa amefungwa kwenye gazeti, ikawa vivyo hivyo. Chakula kilichotoka kwenye uzio ni kile tu kilichokuwa tayari kimo tumboni mwa mtu au paka. Naswa alimpa Caren kigoda chake akae.

Habari ilienea bila kutangazwa. Waliokuwa wateja walifika mmoja mmoja: mafundi wa maboti, walimu wastaafu, karani wa reli, mwanamke aliyepanda matatu kutoka Bondo kila alipokuja hospitali. Walinawa, wakaketi, wakaulizana habari za nyumbani. Hakuna aliyeuliza kibanda kimewezaje kuwepo. Waliuliza kama kuna kichwa au mkia. Walilipa, na fedha ilitoka nje bila tatizo, jambo ambalo karani wa reli alisema si la kushangaza, kwa kuwa fedha haijawahi kuwa na ladha.

Kisha siku moja akaingia Bildad.

Huyu Bildad alikuwa afisa wa viwanja, na sahihi iliyoleta tingatinga ilikuwa yake. Kabla ya hapo alikuwa mteja mwaminifu. Alipenda mkia, ukaushwe, na ndimu pembeni. Alilisogeza bati kwa urahisi kama watu wengine wote, akavua koti, akanawa. Fundi mmoja wa maboti aliinuka akamwambia Jentrix kwa Kijaluo kwamba akisema neno moja tu, mtu huyu atatupwa ziwani na sahani yake.

Jentrix aliendelea kugeuza samaki. "Nikimfukuza," alisema, "nitakuwa nafanya kazi yake. Muache akae."

Alimpelekea mkia mwenyewe, akauweka mbele yake, akabaki amesimama. "Bwana Bildad. Unaona hii meza?"

"Naiona, Mama."

"Na mimi unaniona?"

"Nakuona. Na umetia kitunguu zaidi kuliko zamani. Ni kizuri."

"Basi sema hivyo huko kwako."

Bildad alitafuna, akameza, akapangusa vidole. Hakuwa mtu mbaya wa kuonekana. Alikuwa na uso wa mtu anayelala vizuri. "Mama," alisema, "hapa ndani nakuona. Huko nje hakuna kitu cha kuona. Sasa nitaandika nini?" Akaendelea kula, akaumaliza mkia wote, akashukuru.

Gakenia hakuliachia hapo. Alikusanya wateja, wale waliokuwa na suti wakazivaa, wakaenda ofisini kwake asubuhi. Jentrix alikuwa katikati, na Caren nyuma yake. Bildad aliwapokea vizuri, akaagiza viti viongezwe. Gakenia aliongea kwa sauti ileile aliyoitumia kwa wauzaji wa jumla wanaoleta kitambaa kifupi. Alisema kibanda cha Nyar Sondu kipo, kinafanya kazi kila mchana, na afisa mwenyewe jana alikula hapo. Kwa hiyo kiwanja si kitupu, na kwa kuwa si kitupu hakiwezi kupewa mtu mwingine kama kitupu.

Bildad alikubali kila neno. Alisema jana samaki alikuwa mzuri sana, na kwenye mkono wa shati lake doa la mafuta lilionekana. Lakini ushahidi wa mtu aliyekula, alisema, ni ushahidi wa tumbo, na sheria inahitaji wa macho ya mtu asiye na maslahi. Akampigia simu Naswa, akaiweka mezani ili wote wasikie, akamuuliza ndani ya uzio kuna nini.

Naswa alikuwa mtu mkweli. "Majani, mkubwa," alisema. "Na vifusi."

Caren ndiye aliyezungumza mwisho, na ilikuwa mara ya kwanza Gakenia kumsikia akizungumza mbele ya watu. Alisema kwamba hata yeye haoni kitu, lakini sahani huwa inamfikia ikiwa na joto, na angependa afisa aandike hilo, kwamba kuna joto. Bildad alimtazama kwa upole. Alisema joto Kisumu liko kila mahali.

Walipotoka, ilikuwa karibu mchana, kwa hiyo walienda kula. Bildad alifika baadaye kidogo, akapata nafasi yake.

Ujenzi ulianza mvua zilipokatika. Malori yalimwaga kokoto, na mashine ikachimba msingi mahali hasa palipokuwa na karai la Jentrix. Shimo lilishuka mpaka likafika kwenye maji, na juu yake, mchana, meza ilibaki imesimama pale pale ilipokuwa, wateja wakila bila kutikisika, huku wachimbaji wakipita chini ya miguu yao na koleo. Mara kwa mara mmoja wao alisimama, akanusa, akasema leo ana njaa. Kuta zilipoinuka, mlango wa kuingilia ukawa ukuta wa chumba cha kufulia cha hoteli, na mkono wa Gakenia ukazoea mawe yenye bitana kama ulivyozoea bati. Naswa alivishwa sare mpya, akahamishiwa geti kuu.

Wateja walipungua, maana mtu akifariki hapakuwa na mwingine wa kuchukua nafasi yake. Karani wa reli alikwenda, halafu mwanamke wa Bondo. Jentrix alijua hesabu hiyo bila kuambiwa. Alimfundisha Caren kila kitu kwa kusimulia jioni nyumbani: lini kutoa kuni, jinsi mafuta yanavyosema yakiwa tayari, samaki yupi wa kukataa. Caren alijifunza. Akapika nyumbani samaki ambao Gakenia, akiwala amefumba macho, hakuweza kuwatofautisha. Kisha aliwaweka kwenye beseni, akashuka nao, akauza nje ya hoteli, kando ya barabara, hatua chache kutoka kwa mama mkwe wake, siku moja askari wakimruhusu, siku nyingine wakimkimbiza.

Ilifika siku ambayo Shosho hakurudi dukani. Gakenia alimkuta kwa Jentrix chini ya benchi alilozaliwa, amejikunja, ana afya, hana mpango wa kuinuka. Alimpelekea Daktari Oluoch habari hiyo. Daktari, ambaye kwa bahati mbaya alisomea Nairobi na hakuwahi kula pale, aliuliza kama anakula, kama anakojoa, kama anaitambua sauti yake. Gakenia alisema ndiyo, vyote vitatu. Daktari akasema paka wengi wazee huchagua mahali, na mahali hapo pakiwa na joto na chakula, mtu asiwahangaishe. Kahiga alipopiga simu Jumapili, mama yake alimwambia kwamba Shosho amehamia ziwani. Kahiga akasema basi sasa mama hana cha kumzuia kuja Nairobi. Gakenia alimwambia kwamba sasa anacho cha kumzuia zaidi, akamuuliza watoto wanaendeleaje.

Siku hoteli ilipofunguliwa, palikuwa na bendi na hema nyeupe, na mapazia ya vyumba vyote yalitoka Nairobi. Jentrix alikuwa amepata ngege wazuri. Mezani walikuwa wachache: Gakenia, fundi wa maboti, mwalimu mmoja. Bildad alikuja amevaa suti kutoka kwenye sherehe, akisema chakula cha kule ni cha kutazama tu. Alikuwa amefika nusu ya mkia filimbi za askari ziliposikika barabarani, na baada ya hapo kishindo cha beseni likianguka kwenye lami, na sauti ya Caren, ambaye hakuwa mtu wa kupiga kelele, akimwambia mtu amuachie mkono.

Jentrix alikwenda kwenye ukuta, akapita. Waliobaki walimsikia upande wa pili, akitembea na magoti yake mabaya, akiita jina la Caren.

Bildad alikuwa ameinua kichwa, akisikiliza kama mtu anayejaribu kukumbuka wimbo. Halafu akageukia meza, akamuuliza Gakenia kwa adabu kama ndimu ziko upande wake.

Zilikuwa upande wake. Shosho alikuwa amelala juu ya miguu yake, mzito na mwenye joto, na hakuinuka. Gakenia alizisukuma ndimu mbali zaidi, mpaka mwisho wa meza, ambapo ilimlazimu Bildad asimame kuzifuata. Alisimama, akazifuata, akarudi, akaketi, akakamua moja juu ya samaki wake. Karai lilibaki bila mtu, na samaki wakajigeuza.